Mtandao Uliojificha Haufunguliwi kwa Kiboko



Lori linalotoka Mombasa kwa njia ya Malaba kwenda Kampala hupita Jinja kabla ya kuvuka Mto Nile, na hapo Jinja ndipo palipo Nalufenya. Jina hilo mnalijua. Kwa miaka kadhaa lilikuwa jina la kituo cha polisi ambako watuhumiwa wa makosa mazito, hasa ya ugaidi na mauaji, walipelekwa kuhojiwa, na mwananchi aliyelitaja alishusha sauti kwanza. Aprili 2018 Inspekta Jenerali wa Polisi wa wakati huo, Martin Okoth Ochola, aliamuru shughuli hizo zikome na Nalufenya iwe kituo cha polisi kama vituo vingine.

Lakini upande huohuo wa mashariki una kitu kingine kisichoonekana kwa macho. Chini ya ardhi umelazwa mkongo wa taifa wa mawasiliano, unaoiunganisha Kampala na Jinja, Tororo, Mbale na mipaka ya Busia na Malaba. Uganda haina pwani. Ujumbe wake mwingi wa intaneti hupita nchi kavu hadi Mombasa, ambako nyaya za baharini za mkongo zilianza kutua mwaka 2009. Picha anayoitazama kuruta kambini, na fedha anazotumiwa mama mzazi huko Mbale, husafiri katika nyuzi za kioo zilizofukiwa kando ya njia ambayo malori hupiga honi usiku kucha.

Chumba cha mahojiano na waya uliozikwa vinahusiana kuliko inavyodhaniwa, na uhusiano huo ndio mazungumzo yetu ya leo. Askari wa zama hizi hukutana kila siku na mambo yaliyofichwa ndani ya mtandao. Asipoelewa yamefichwaje, atajaribu kuyafungua kwa chombo alichokizoea, na chombo hicho mara nyingi kimekuwa fimbo.

Watu wengi wakisikia habari za mtandao uliojificha huwaza mara moja pango la wezi. Yafaa ieleweke kwamba sehemu kubwa ya mtandao imefichwa kwa sababu za kawaida kabisa. Mtambo wa kutafutia kama ule wa Google hupita kwenye kurasa zilizo wazi, ukaziorodhesha kama karani anayeorodhesha maduka yaliyofunguliwa mbele ya barabara. Hauingii ndani ya stoo. Hauoni akaunti yako ya mshahara, wala barua pepe za ofisi ya kamanda wako, wala faili la mgonjwa hospitalini, wala daftari la vitambulisho vya taifa, wala hesabu za fedha za simu. Vyote hivyo vimo mtandaoni, lakini vimefungwa kwa namba ya siri. Sehemu hiyo iliyofungwa ni kubwa kupita sehemu iliyo wazi, na ni vyema iwe imefungwa. Ghala lenye kufuli si pango, ni ghala.

Tena ni katika ghala hilo, wala si pangoni, ambamo wananchi wetu wamepata hasara iliyo dhahiri. Oktoba 2020 kampuni za simu za MTN na Airtel pamoja na benki ya Stanbic zilitangaza kwamba huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu zimesimamishwa, kwa kuwa kumetokea tukio katika mitambo ya kampuni ya tatu inayoziunganisha. Wezi walikuwa wameingia. Hawakuvunja dirisha la mtu. Walipita mahali ambapo mteja hapaoni wala hajui kwamba papo, yaani katikati ya benki na simu. Afande anayelinda lango la benki kwa bunduki angeweza kusimama pale siku nzima asione kitu.

Sasa tuje kwenye pango lenyewe, kwa maana lipo.

Kuna mtandao uitwao Tor. Chimbuko lake lilikuwa katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, katikati ya miaka ya 1990, na wananchi wakaanza kuutumia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kazi yake ni kuficha nani anaongea na nani. Fikirini barua iliyotiwa katika bahasha tatu, moja ndani ya nyingine. Tarishi wa kwanza anaifungua bahasha ya nje na kuona jina la tarishi wa pili tu. Wa pili anafungua ya kati na kuona jina la wa tatu tu. Wa tatu anafungua ya mwisho na kuipeleka barua inakokwenda, bila kujua ilitoka kwa nani. Tarishi wa kwanza anamjua mwandishi lakini hajui barua inakwenda wapi, wa tatu anajua inakokwenda lakini hamjui mwandishi, na yule wa katikati hajui hata kimoja. Wataalamu waliufananisha na kitunguu, kwa vile ukimenya ganda moja unakuta jingine. Wapo pia wenye maduka na magazeti waliojenga nyumba zao humohumo ndani, hata mahali nyumba ilipo pasijulikane.

Swali la haki linakuja: kwa nini jeshi lililobuni chombo cha siri liwaachie raia wote wakitumie? Afande yeyote aliyewahi kupangiwa kazi ya kuvaa kiraia atalijibu bila kusoma kitabu. Ukivaa shati la kitenge ukaingia sokoni siku ya soko, umepotea machoni mwa watu. Ukivaa shati lilelile ukatembea peke yako katika uwanja mtupu, kila mtu atakuuliza wewe ni nani. Laiti Tor ingalitumiwa na wapelelezi wa Marekani peke yao, kila aliyeonekana humo angalitambulikana kuwa mpelelezi wa Marekani. Umati ulihitajika. Kwa hiyo wakaingia waandishi wa habari, wanasheria, wagonjwa wenye aibu ya maradhi yao, watu wa nchi zilizofungiwa magazeti. Wakaingia na wahalifu. BBC iliweka mlango wake humo mwaka 2019, na Facebook ilitangulia mwaka 2014. Pangoni mna wauza dawa za kulevya na wauza picha za watoto walionajisiwa, na mna watu waliokimbilia humo kwa kuwaogopa wahalifu wa namna hiyohiyo. Askari asiyeweza kuwatenganisha hawa na wale hajaanza kazi.

Wahalifu wa humo hukamatwaje basi? Hapa ndipo penye somo.

Mwaka 2011 lilifunguliwa ndani ya Tor soko liitwalo Silk Road, na dawa za kulevya zikauzwa humo kwa fedha za Bitcoin. Mwenye soko, Mmarekani Ross Ulbricht, alikamatwa Oktoba 2013 akiwa ameketi katika maktaba ya umma mjini San Francisco. Wapelelezi hawakulivunja lile fumbo la bahasha tatu. Mmoja wao alirudi nyuma akasoma matangazo ya kwanza kabisa ya soko lile katika mtandao ulio wazi, akakuta kwamba mtu aliyelitangaza aliwahi, mahali pengine, kuandika anwani ya barua pepe yenye jina lake halisi. Siku ya kumkamata, maofisa wawili walijifanya wapenzi wanaogombana nyuma ya kiti chake. Alipogeuka kutazama, kompyuta yake ikanyakuliwa ingali wazi. Kama angaliwahi kuifunika, ingalijifunga, na ushahidi wote ungalibaki ndani. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2015, na Januari 2025 Rais Donald Trump akamsamehe. Hayo ni ya siasa zao. Kwa polisi, jambo la kushika ni kwamba kesi ilijengwa kwa kusoma, kungoja na kuwahi.

Polisi wa Uholanzi walivuka hapo. Mwaka 2017 walilitwaa soko jingine liitwalo Hansa, lakini badala ya kulifunga wakaliendesha wenyewe kimyakimya kwa karibu mwezi mmoja. Wakati huohuo Wamarekani wakalifunga soko kubwa kuliko lile, AlphaBay, na wateja wake wakakimbilia Hansa, wasijue kwamba mwenye duka sasa ni polisi. Ndugu zangu wanajeshi wataitambua mbinu hiyo: kuziba njia moja ili adui apite katika njia uliyoichagua wewe.

Labda mtasema hayo ni ya Ulaya na Marekani. Basi njoni Kampala.

Mwanzoni mwa mwaka 2014, katika mji wa Pittsburgh nchini Marekani, noti bandia za dola 100 zilianza kuonekana madukani. Polisi wa mji ule pamoja na idara ya Marekani inayopambana na fedha bandia walimfuata aliyezitumia, wakafika kwenye sanduku lake la barua la kukodi, wakakuta vifurushi vilivyotumwa kutoka Kampala. Ndani mlikuwa na vipeperushi vya hisani, vya kuomba msaada kwa ajili ya watoto. Kurasa za vipeperushi zilikuwa zimegundishwa kwa gundi, na katikati ya kurasa zimelala dola bandia. Biashara yenyewe, kwa mujibu wa mashtaka, iliendeshwa kwenye ukurasa uliofichwa ndani ya Tor, na muuzaji alijiita kwa majina ya uongo.

Muuzaji huyo alificha kila kitu ambacho kompyuta huweza kukificha. Lakini karatasi haipiti katika waya. Lazima mtu aishike, aikunje, aipake gundi, aipeleke kwa msafirishaji. Katika karatasi moja iliyokuwa ndani ya kifurushi ilikutwa alama ya kidole, nayo ikalingana na ya Mmarekani mmoja mwenye umri wa miaka 27. Polisi wa Uganda na wapelelezi wa Marekani wakafanya kazi pamoja kwa miezi, na Desemba 2014 kijana yule akakamatwa Kampala. Kwa maelezo ya Wizara ya Sheria ya Marekani, nyumbani kwake kulikutwa dola bandia zipatazo 180,000, pamoja na noti bandia za nchi za Kiafrika na vifaa vya kuzitengenezea.

Tazameni kilichotumika hapo: gundi, sanduku la barua, alama ya kidole. Hakuna hata kimoja ambacho sajini wa upelelezi wa miaka ya sitini asingekifahamu. Uhalifu wa mtandaoni hauna budi kugusa ardhi mahali fulani, ama kwenye fedha zinapogeuzwa kuwa shilingi, ama kwenye bidhaa inapobebwa, ama kwenye kidole. Kazi ya polisi ni kuwapo mahali pale.

Sasa turudi Nalufenya.

Tarehe 17 Machi 2017, Inspekta Jenerali Msaidizi wa Polisi Andrew Felix Kaweesi aliuawa kwa risasi Kulambiro, Kampala, pamoja na mlinzi wake na dereva wake. Walikuwa watu wa kikosi chenu, na hasira iliyofuata inaeleweka. Watuhumiwa walikamatwa, wengi wakapelekwa Nalufenya. Mwezi wa Mei walipofikishwa mahakamani Nakawa walikuwa na majeraha ambayo kila aliyekuwapo aliyaona. Na picha ya meya wa Kamwenge, akiwa kitandani hospitalini na vidonda magotini, ikaenea nchi nzima. Mwezi uleule Rais Yoweri Museveni aliwaandikia wakuu wa vyombo vya usalama kwamba mateso hayafai. Alitoa sababu: huenda unayempiga siye; aliyepigwa aweza kukiri asilolitenda ili aponyoke, na mwenye kosa akabaki huru; na zaidi ya hayo mateso si ya lazima, maana ziko alama za vidole, picha na vipimo vya maabara. Oktoba 2017 Mahakama Kuu ikaamuru serikali iwalipe watuhumiwa 22 shilingi milioni 80 kila mmoja kwa mateso waliyopata.

Hesabuni wenyewe, maafande, nani alifaidika. Marehemu Kaweesi hakufaidika. Familia yake haikufaidika. Kila pigo lililopigwa katika chumba kile lilikuwa zawadi kwa wakili wa utetezi.

Tena Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2012 inakataza ushahidi uliopatikana kwa mateso usitumike, na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 imekwenda mbali zaidi: ikithibitika kwamba mshtakiwa alinyimwa haki zile ambazo hazivunjwi kwa hali yoyote, nayo ya kutoteswa ni mojawapo, kesi nzima inabatilika. Askari mwenyewe aweza kubebeshwa dhamana yeye binafsi. Pigo moja la usiku laweza kuifuta kazi ya miezi ya wapelelezi wenzako.

Naelewa kishawishi kinatoka wapi. Mtuhumiwa ameketi, simu yake iko mezani, imefungwa. Ndani yake, unaamini, mna majina yote. Saa 48 ambazo Katiba inakupa kabla ya kumfikisha mahakamani zinakwisha. Namba ya siri ni tarakimu chache tu zilizo kichwani mwa mtu aliye mbele yako.

Lakini fikirini jinsi chombo kilivyo. Anayepigwa hutaja namba yoyote ili apumue. Baadhi ya simu hupangwa zijifute zenyewe namba ikikosewa mara 10. Kwa hiyo kila namba ya uongo inayotolewa kwa maumivu inakusogeza karibu na kupoteza ushahidi wote. Na ukishaifungua simu, kumbukeni zile bahasha tatu. Mitandao hii imejengwa makusudi ili mtu asimjue anayeongea naye. Muuzaji hamjui mnunuzi, tarishi wa katikati hajui chochote. Utampiga mtu akutajie jina ambalo hakupata kulijua, naye atakutajia jina la jirani yake. Mtu hatapiki asichokula.

Njia za sheria zipo, wala si za mzunguko kama wanavyolalamika baadhi yetu. Sheria ya mwaka 2010 ya kuingilia mawasiliano inaruhusu usikilizaji wa simu na usomaji wa barua kwa kibali cha jaji wa Mahakama Kuu, tena inaweka utaratibu wa kumtaka kwa maandishi mwenye ufunguo wa maandishi yaliyofumbwa autoe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inaiwezesha mahakama kuamuru kampuni ihifadhi kumbukumbu zisifutwe, kisha izitoe. Kumbukumbu za kampuni ya simu haziogopi, hazisahau, wala haziwezi kukana mahakamani.

Nigusie na jambo la wasio na hatia, maana ndio wengi. Julai 2018 kodi ya shilingi 200 kwa siku ilipowekwa juu ya matumizi ya Facebook, WhatsApp na mengineyo, Waganda wengi walijifunza kutumia VPN, yaani njia ya kuficha mahali walipo mtandaoni. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Facebook ilifungwa na kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, VPN ziliongezeka tena. Kama hatua zile zilikuwa za busara au sivyo, sizungumzii hapa. Ninalosema ni hili: mwanafunzi wa Mbale na mama muuza vitenge wa Jinja wanayo VPN simuni, na hawana kosa la kujibu kwa hiyo. Askari wa kizuizini anayeiona alama hiyo na kusema amemkamata gaidi anawakosesha usingizi watu wema na kumpa gaidi nafasi ya kupita.

Na wanajeshi nao watazame mifuko yao. Mnamo Januari 2018 iligundulika kwamba ramani iliyotolewa hadharani na kampuni ya Strava, yenye programu ya simu ya kupimia mbio, ilionyesha mistari inayong'aa katikati ya majangwa. Ilikuwa njia za askari wa nchi mbalimbali wakikimbia mazoezi kuzunguka kambi zao, kambi ambazo nyingine hazikutakiwa kujulikana. Hakuna mpelelezi aliyetumwa. Walijitangaza wenyewe kwa jasho lao.

Basi afande wa kawaida afanye nini, yule asiye mtaalamu, aliye zamu usiku Busia, Mbale au hapo Nalufenya penyewe, inapoletwa simu ya mtuhumiwa? Aiache kama ilivyo. Kama imezimwa, isiwashwe. Kama inawaka, ikatwe mawasiliano ili mtu aliye mbali asiweze kuifuta, ipatiwe umeme isizimike, wala asianze kupekua picha na jumbe kwa udadisi, kwani kila anachokigusa hubadilisha kitu ndani, na wakili atauliza kilibadilishwa na nani. Kompyuta ikikutwa imefunguliwa isifunikwe hadi fundi afike. Wamarekani walicheza mchezo mzima wa kuigiza maktabani kwa ajili ya jambo hilo moja tu. Kisha aandike katika daftari: saa, mahali, rangi ya simu, imekutwa mkononi mwa nani, ameipokea nani, ameikabidhi kwa nani, na kila mmoja atie sahihi yake. Iwekwe katika bahasha, bahasha ifungwe kwa lakiri, ipelekwe kwa wataalamu wa maabara ya Polisi kule Kampala pamoja na barua inayosema ni kesi gani na kinatafutwa nini.